Wapelelezi wa Mchicha na Mkono Wangu wa Kulia

Kwa miezi mitano niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya madarasa ya jioni, kwamba ofisi ya fidia ina wapelelezi wanaouza mchicha.

Usinicheke kabla hujaumia. Habari yenyewe ilikuwa hivi: mfanyakazi akidai fidia ya mkono, serikali inamtuma mtu wa kumchunguza. Mtu huyo haji na suti wala faili. Anavaa kanga, anajitwika ungo, anapita mtaani kwako asubuhi akinadi mchicha, na katikati ya mafungu kuna kamera ndogo kama punje ya mtama. Akikuona umeinua ndoo, jina lako linafutwa. Akikuona unajikuna kwa mkono ule unaoudai, linafutwa. Akikukuta unacheka, ndiyo kabisa, maana mtu mwenye maumivu ya kweli anapata wapi kicheko?

Aliyeniletea habari hiyo ni Shabani, mwenzangu wa zamu kiwandani. Yeye aliipata kwa binamu yake, aliyewahi kupanga jirani na mtu aliyemfahamu mtu aliyefutwa. Kwangu mimi ushahidi huo ulitosha kumfunga mtu maisha.

Naandika haya nikiwa nimepona kadiri ya kupona kwangu, na naandika kwa mkono ule ule. Herufi zimelala kama migomba iliyopigwa na upepo wa mlimani, lakini zinasomeka. Nimeziandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na bandeji yako, unaambiwa njoo Alhamisi, na Alhamisi unaambiwa njoo Jumanne. Mimi nimekaa kwenye benchi hilo mpaka likachukua umbo langu.

Nilikuwa mwendesha mtambo wa kukamua alizeti pale Kihonda. Magunia yalishuka kutoka Dumila na huko mbele, sisi tukayageuza mafuta na mashudu ya kulishia mifugo. Mkanda wa mtambo ulikuwa na tabia ya kuteleza, na sisi tulikuwa na tabia ya kuurudisha kwa mkono bila kuzima, kwa sababu kuzima kulimkera msimamizi kuliko msiba. Kila mtu alifanya hivyo. Mgeni alipoajiriwa, hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza, na aliyelifundisha mara nyingi nilikuwa mimi, kwa mbwembwe. Kifuniko cha mkanda kilikuwepo zamani. Kilitolewa kwenda kurekebishwa, kikaishia kuzuia mlango wa choo.

Jumanne moja, masika ndiyo kwanza yanaanza, nilinyoosha mkono kuurudisha mkanda, na mkanda ukanirudisha mimi. Nilipiga ukelele ambao wakulima wa kule juu mlimani Bondwa walidhani ni radi, wakaanza kuanua mahindi. Shabani ndiye aliyezima mtambo. Alivua shati lake, akanizungushia, na njia nzima ya kwenda hospitali alinikataza nisitazame. Nilitazama. Nakushauri usitazame.

Vidole vitatu vilivunjika na kiganja kikachanika. Vikaingizwa waya, ncha zikachomoza nje, mkono wangu ukawa kama antena ya televisheni ya zamani. Skola, mke wangu, alipoingia wodini aliutazama, akanitazama mimi, akasema, "Unashika chaneli gani?" Halafu akageukia dirishani, akawa anatazama mvua kwa muda mrefu sana. Mvua yenyewe ilikuwa haionekani vizuri, kioo kilikuwa na ukungu.

Haya yanayofuata hayaandikwi kwenye cheti. Kucha ziling'oka moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Ngozi ilibabuka kama kiazi kilichochemshwa. Mkono wa mbele, ambao zamani ulibeba gunia la alizeti kama mtoto mchanga, ulikonda mpaka saa ikawa inateremka hadi kwenye kiwiko. Na harufu ya dawa ilikaa puani mpaka chai ikawa na ladha ya wodi.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuwa chakula. Mama yangu mzazi alinifundisha kwa makofi kwamba mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani. Sasa ni mtu wa makamo, nimelelewa nikalelewa, naletewa ugali na kijiko! Skola alianza kunimegea matonge. Wiki ya kwanza ilikuwa mahaba. Wiki ya tatu alikuwa anamega akitazama pembeni, tonge linatua shavuni.

"Mdomo uko huku, mke wangu."

"Naujua ulipo," akasema. "Ndio haukuumia."

Kiwanda kilinihudumia mwezi wa kwanza. Wa pili nikaitwa ofisini kwa afisa utumishi, kijana mmoja nadhifu aliyekuwa akiniita mdogo wake ingawa mimi nilishaanza kunyoa ndevu yeye hajazaliwa.

"Deo, mdogo wangu," akasema, "kiwanda kinakupenda. Ila tuwe wakweli. Mashine haikukushika. Wewe ndiye uliyeishika mashine."

"Niishike kwa nini, bosi? Naisalimia?"

"Utaratibu unasema uzime kwanza."

"Utaratibu upi?"

"Uliobandikwa."

"Umebandikwa wapi?"

Akatazama ukutani. Kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi na saa iliyosimama. Akaitazama ile kalenda kwa matumaini. "Utabandikwa," akasema. Kisha akaniahidi kwamba taarifa ya ajali ataipeleka mwenyewe panapohusika, mimi nisubiri tu, nisijisumbue.

Nikasubiri. Kila Jumatatu nilikwenda getini kuulizia. Mlinzi akawa ananisalimia, "Karibu, Jumatatu imefika." Nilikuwa sahihi kuliko kalenda ya ofisini. Taarifa kila wiki ilikuwa "iko njiani", na kwa muda iliotumia njiani ingekuwa imepanda Uluguru kwa magoti, ikashuka upande wa pili, na kurudi.

Mwisho wa masika, siku ya kutolewa waya, muuguzi aliniita pembeni. Alikuwa mama mpole, alinipa kwanza kiti, nikajua habari ni mbaya. Akaniambia kiwanda kimeandika barua: matibabu yaliyobaki hakihusiki nayo, kwa sababu mimi niliumia nyumbani kwangu siku ya mapumziko, nikitengeneza banda la kuku.

Banda la kuku! Mimi sina banda. Sina kuku. Skola akiona kuku, yeye ndiye anayevuka barabara kwa woga. Nilisimama pale na waya moja bado haijatoka, nikasema kwa sauti ambayo wodi nzima ilikaa kitako, "Basi wakamlete huyo kuku atoe ushahidi!"

Muuguzi akacheka mpaka akafuta macho. Lakini waya zilipotoka daktari alisema wazi: mkono huu unahitaji kupasuliwa mara ya pili ili kulegeza mishipa, na unahitaji mazoezi ya viungo kwa miezi. Bila hayo, kiganja kitafunga na hakitafunguka tena. Na bila kutambuliwa kwamba niliumia kazini, hayo yote sikuwa na njia ya kuyapata. Basi vita ilikuwa hiyo, ndugu yangu. Sikuwa nagombea utajiri. Nilikuwa nagombea mkono.

Hapo ndipo shule ilipolipa. Mimi niliingia madarasa ya jioni nikiwa na mvi mbili, nikakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yanagonga kidevu, na nikahitimu. Tangu siku hiyo nasoma kila kitu. Nasoma magunia, nasoma vibandiko vya dawa, nasoma gazeti lililofungia vitumbua mpaka mafuta yanapoishia. Siku ile kwenye benchi wenzangu walikuwa wanasinzia, mimi nikasoma ukuta. Katikati ya tangazo la chanjo na tangazo la kunawa mikono (nililolisoma kwa uchungu) kulikuwa na karatasi iliyopauka: mwajiri asipotoa taarifa ya ajali, mfanyakazi anaweza kuitoa mwenyewe.

Mwenyewe! Nililisoma neno hilo mara saba. Watu wangapi walikuwa wamelala chini ya karatasi ile?

Nilichukua fomu, nikaijaza kwa mkono wa kushoto, siku nne. Skola aliitazama akasema, "Umeandika au umemwaga wino?" Nikaijaza upya, siku tano. Sehemu ya shahidi ikabaki wazi. Nilikwenda kwa Shabani nikiwa nimeshajiandaa kukataliwa, kwa sababu yeye bado alikuwa kiwandani na ana watu wanaomtegemea. Aliisoma fomu yote taratibu, akaomba kalamu.

"Watakufukuza," nikamwambia.

"Watanifukuza kwa lipi? Kwa kuzima mashine?" Akaweka sahihi, kubwa, imevuka mstari. Halafu, bado ameshika kalamu, akaangalia kulia na kushoto, akaniinamia. "Sasa, kaka, kuanzia leo uwe mwangalifu na wauza mchicha."

Yaani dakika ile ile aliyonipa ukweli wake wote, alinipa na uongo ule. Na mimi, niliyeupata ukombozi wangu kwa kusoma ukutani, niliumeza wa mdomoni bila hata kutafuna.

Kipupwe kikaingia. Milima ikajifunika mawingu mpaka saa nne asubuhi, na waya zilipokuwa zimepita pakawa panauma kama zimerudi. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini alikubali kunianzisha wakati madai yangu yanashughulikiwa. Akanipa kazi rahisi: kanda unga asubuhi na jioni, kunja vidole, kunjua, kunja, kunjua. Skola alifurahi, kwa sababu alikuwa anauza chapati na maandazi barazani. "Unga upo, mkono upo," akasema. "Tutapona wote."

Ningekanda vipi barazani? Mtaa wetu ulikuwa na wauza mchicha wanane! Niliwahesabu kutokea nyuma ya pazia. Mmoja alipita mara mbili kwa siku. Mwingine alikuwa na mchicha mwingi ambao hauishi, na nani mwenye akili timamu asiyemaliza mchicha? Nikaufunga mkono kwa bandeji kubwa mpaka kwenye kiwiko. Nikaacha kucheka hadharani. Mimi! Mtu ambaye kwenye misiba huwa naombwa nikae mbali. Nikawa natembea mtaani na sura ya mtu aliyeuza ng'ombe usingizini.

Skola alichota maji, alikanda unga, alibeba kuni, na mimi nimekaa ndani kama bwana harusi. Siku moja aliuweka mchi chini, akaniambia kwa utulivu, na utulivu wa Skola ni wa kuogopwa, "Deo, nimechoka kuishi na mkono. Niliolewa na mtu."

Nilitaka kumweleza. Lakini Shabani alisema wapelelezi huanza na mke.

Kisha akashuka mama mkwe. Sasa, kama hujaoa Uluguruni, nikueleze. Huku ukoo ni wa mama. Shamba ninalolima kule mlimani si langu wala si la mke wangu tu, ni la ukoo wao, na mama mkwe ndiye mdomo wa ukoo. Mkwe akishuka na mzigo, unampokea mzigo kabla ya salamu. Hata kama umevunjika miguu, unampokea ukiwa umelala.

Alikuja kumwona mgonjwa wake. Nilikwenda stendi kumpokea, akateremka na tenga limejaa magimbi, karoti na kabichi mbili, kubwa, kila moja kama kichwa cha diwani. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Hapo hapo nikamwona: mama mmoja na ungo wa mchicha, amesimama hatua kumi, ananitazama moja kwa moja. Mkono wangu ukarudi wenyewe.

"Shikamoo, mama," nikasema, mikono miwili inaning'inia.

"Marahaba." Akangoja. Watu wakapita. Akajitwika tenga lake mwenyewe, kichwani, mbele ya stendi nzima, na akaniuliza bila kunitazama, "Mkono mmoja umeumia. Wa pili umesafiri?"

Tulitembea hivyo mpaka nyumbani, yeye mbele na tenga, mimi nyuma mikono mitupu kama mfungwa. Skola alipotuona alitamani ardhi ipasuke, na alitamani nitangulie mimi. Jioni ile, kwa aibu, nikamweleza mama mkwe kila kitu: ofisi, ungo, kamera kama punje ya mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi akanishika shati, akanitoa nje, akamsimamisha muuza mchicha wa kwanza aliyepita.

"Wewe binti. Serikali imekutuma?"

Yule binti akashangaa. "Serikali, bibi? Mimi serikali inanitafuta tu sokoni, ya ushuru."

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia?"

Nilisikia. Na moyoni nikajisemea, mpelelezi mzuri anajibu hivyo hivyo.

Mama mkwe aliyaona macho yangu, akajua. Alifunga kanga yake vizuri. "Shamba letu," akasema, "limelimwa na wakwe wavivu, limelimwa na wakwe walevi. Anayeogopa mchicha hajawahi kulilima. Ukipona, uje tuzungumze." Akaondoka na gari la saa nne, ameniachia magimbi. Skola hakunisemesha wiki nzima, na ndiyo wiki iliyokuwa ndefu kuliko masika.

Dada wa mazoezi naye hakudanganyika. Kila nilipokwenda alivishika vidole vyangu, akavikunja, jasho likanitoka hata kwenye masikio.

"Unafanya mazoezi nyumbani?"

"Sana, sista."

"Vidole vinasema hufanyi."

Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilikuwa vimeanza kupinda kama ndoana. Nikaona ni vizuri, Mungu anisamehe. Niliona kila siku vinavyozidi kupinda ndivyo madai yangu yanavyozidi kunyooka.

Kiwandani walijaribu mara moja tena. Afisa utumishi alinitumia ujumbe niende kusaini karatasi, yaishe kindugu, nao wangenipa kazi ya kufagia. Nilikwenda. Niliisoma karatasi yote, mpaka maandishi madogo ya chini, nikimfuatishia kidole kila neno ili aone. Ilisema nakiri habari za kuku. Nikaigeuza, nikaandika nyuma kwa mkono wa kushoto, taratibu, yeye ananingoja: SINA KUKU. Nikaweka tarehe. Nikamwomba kalamu niondoke nayo kwa ukumbusho, akanipa, nadhani kwa mshtuko.

Vuli ilipoanza kunyesha, ofisi ya fidia ilipiga simu kuniita. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuigiza mateso ya Ijumaa Kuu. Bandeji nilizungusha mbili, moja juu ya nyingine. Nilijikanya kucheka tangu mlangoni. Skola alinisindikiza kwa sharti kwamba asiulizwe chochote.

Aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi upande mmoja, mezani faili langu limefunguliwa. Niliona fomu yangu, ile ya siku tano, na sahihi ya Shabani iliyovuka mstari.

"Tumemhoji shahidi wako, tumefika na kiwandani," akasema. "Tumekuta mtambo hauna kifuniko mpaka leo. Uliumia kazini, baba. Hilo limekwisha. Upasuaji wa pili utagharamiwa, na mazoezi pia."

Skola alishika ukingo wa meza. Mimi nilitaka kuruka mpaka kwenye dari, lakini nikakumbuka, nikabana midomo, nikatazama chini kwa huzuni kubwa.

"Mbona hufurahi?"

Nikauficha mkono wa bandeji chini ya meza.

"Na hiyo bandeji ni ya nini? Kidonda kwenye cheti kimeandikwa kilifunga tangu kipupwe."

Nikatazama mlangoni. Nikamsogelea, nikamnong'oneza: kwamba najua kazi yao ni ngumu, siwalaumu, lakini tangu nimedai sijainua kitu, sijakanda unga, sijacheka, na wale kina mama wao wa mchicha wanaweza kushuhudia.

Alivua miwani. Alimtazama Skola, Skola akatazama ukuta. Kisha akasema nami polepole, bila kucheka, na kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

"Baba, hapa tuko watatu, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Hakuna anayekufuata. Mkono daktari anaupima mwishoni, ukishapona kadiri unavyoweza kupona. Kidole kilichokakamaa kwa kukosa mazoezi hakikuongezei haki yoyote. Kinakupunguzia kidole. Fungua hiyo bandeji."

Nikazifungua zote mbili, na jioni ile nikakanda unga barazani.